Mchanga wa Lundo kwenye Chekeche la Kahawa

Mke wangu hakuomba tangi la samaki. Aliomba tuhame. Tangi la samaki lilikuwa wazo langu mimi, na kama mawazo yangu mengi, lilinijia wakati nilipopaswa kuwa nasikiliza.

Nijieleze mapema, msomaji asije akanionea huruma nisiyoistahili. Mimi ni Mmatengo wa Mbinga, mwalimu wa shule ya msingi mstaafu, mwenye shamba la kahawa nyuma ya nyumba na jingine dogo upande wa Mpepai analolitunza binti yetu. Mke wangu ni Mnyasa wa Lundo, kule chini ziwani. Nilimpata nikiwa mwalimu mgeni, nimepangiwa shule ya kwao, na siku ya kumpandisha huku mlimani nilimwahidi mbele ya mama yake mzazi kwamba nikistaafu tutashuka tukaishi kwao. Niliahidi kwa moyo mweupe kabisa. Kijana wa miaka ishirini na sita anapoahidi mambo ya kustaafu, anatoa ahadi kwa niaba ya mzee asiyemjua.

Mzee huyo akafika, na ndiye mimi. Mwaka wa kwanza nikasema tungoje mavuno. Wa pili nikasema miche mipya haijashika vizuri. Wa tatu sikusema kitu, nikawa natoka mapema kwenda shamba ili mazungumzo yasinikute nyumbani. Sasa, Mbinga kuna baridi, na kuanzia mwezi wa sita baridi hiyo ilikuwa ikiingia kwenye magoti ya mke wangu na kukaa humo mpaka mwezi wa nane. Alikuwa akitoka jikoni kuja sebuleni ameshika ukuta. Nilikuwa namwona. Nilikuwa nampaka dawa ya kuchua kila jioni, na nikishamaliza kumpaka najiona nimetimiza wajibu.

Asubuhi moja, mavuno ndiyo yanaanza, aliniwekea chai mezani akasema, bila hata kupandisha sauti:

"Mwalimu, mavuno ya mwaka huu yakiisha mimi nashuka Lundo. Kiwanja cha mama kipo, na kaka ameshafyatua tofali. Ukija, karibu. Usipokuja, nitakuwa nakuletea usipa."

Usipa ni dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, na naupenda sana. Lakini kuambiwa na mke uliyeishi naye miaka thelathini na kitu kwamba atakuwa anakuletea usipa, kama mtu anayekwenda kumjulia hali jirani, hilo ni jambo jingine. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nakuwa mkali. Nikamwambia kama ni kwenda aende hata kesho, nani kamshika mguu. Akanisogezea sukari, akarudi jikoni ameshika ukuta wake.

Nilikwenda shamba nikachuma kahawa mpaka saa sita nikijibizana naye peke yangu, na mabishano ya namna hiyo huwa nashinda. Hata hivyo nilipofika mwisho wa mstari nilikuwa nimepata hekima ninayoona haya kuieleza hadi leo. Niliwaza hivi: huyu mama hataki kuniacha, anakosa ziwa tu. Basi kama ziwa ndilo linalomwita, nitalipandisha Mbinga.

Pale mjini kuna kijana mwenye duka la vifaa vya umeme, Mwislamu mstaarabu, wazazi wake walitoka Kilwa. Kando ya kaunta yake kulikuwa na tangi kubwa la kioo lililokaa tupu. Alikuwa amejaribu kufuga samaki wa bahari, wale wa kwenye matumbawe, akikoroga maji kwa chumvi yake maalumu aliyoagiza Dar es Salaam. Umeme ukakatika siku mbili mfululizo, samaki wote wakamfia. Tangu hapo tangi lilikuwa limejaa nyaya na balbu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tangi hili unauza?"

Aliniangalia kama ninaumwa, kisha akachangamka. Kumbe hakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye mambo hayo mji mzima. Alinieleza pampu, akanieleza kipasha maji, maana samaki wa ziwa hawawezi baridi yetu. Halafu akavuta kiti akakaa, nikajua sasa tumefika penyewe.

"Watu wanaanza na samaki, Mwalimu. Kosa. Anza na mchanga. Mimi kwenye tangi la bahari nilihangaika na mchanga miezi mitatu kabla ya kutia samaki hata mmoja. Ukiwa mnene sana, uchafu unaoza chini. Ukiwa mwembamba sana, samaki hana raha. Mawe unayaweka kwanza, yakae juu ya kioo chenyewe, mchanga unafuata baadaye. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki atachimba chini yake, yataanguka na tangi litapasuka."

Nilimuuliza mchanga gani. Akaingia stoo akatoka na kiroba cha mchanga mweupe pe, umetokana na matumbawe yaliyosagika. Akasema huo huyeyuka kidogokidogo na kuyalinda maji yasichachuke, na kwamba maji ya Nyasa nayo hayapendi uchachu, kwa hiyo samaki wa kwetu wangeupenda. Nilimwamini. Mtu aliyezika samaki wake wote ana haki ya kuaminiwa.

Tangi likaingia sebuleni, likakaa mahali pa kabati la vyombo. Mke wangu alisimama mlangoni akalitazama, mikono ameikunja ndani ya kanga.

"Ndiyo nini?"

"Ziwa," nikasema.

"Mwalimu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Ngoja samaki waje."

Samaki wakaja. Kaka yake, yaani shemeji yangu wa Lundo, mvuvi na mkulima wa mihogo, mtu wa maneno machache, aliwapandisha mwenyewe kwenye ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa, akiwa amekaa nayo mapajani kwenye basi njia nzima. Walikuwa watano: dume moja la bluu iliyokolea, na majike manne ya rangi ya fedha. Ni jamaa ya mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Nyasa, ila mbuna wenyewe wanakaa kwenye miamba, hawa wanakaa pale mwamba unapoisha na mchanga unapoanza. Tukawamimina. Kwa saa moja sebule yangu ilikuwa na uhai, hata mke wangu alivuta kigoda akakaa.

Kesho yake dume lilikuwa limepauka. Siku ya tatu lilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea sahani, limejibanza nyuma ya jiwe pamoja na wake zake wote, hakuna anayetoka. Nikawapa chakula, hawakuja. Nikagonga kioo, na mke wangu akanikataza nisigonge.

"Umewaweka kwenye unga," akasema. "Huo mweupe unawamulika kutoka chini. Wewe ungekaa wapi?"

Jirani yetu, dereva wa malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, alipita kunisalimu, akawaona, naye akatoa ushauri, maana Mbinga ushauri hauna ushuru. Alisema rangi ya samaki hutoka juu ya kitu cheusi, na kwamba angeweza kuniletea changarawe za makaa, nzuri, nyeusi tii, nizioshe tu. Nilishaanza kutikisa kichwa kukubali, ndipo sauti ikatoka jikoni:

"Unataka kuwafuga au kuwachoma?"

Jirani akaaga. Mimi nikaamua kwenda Lundo kuchagua mchanga mwenyewe, kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikiliza watu. Ona hapo: mke wangu, mzaliwa wa Lundo, aliyecheza juu ya mchanga huo tangu hajaota meno, alikuwa anamenya viazi mita tano kutoka nilipokaa. Sikumwuliza neno. Nilimwomba tu anifungie chakula cha njiani.

Ukishuka kutoka Mbinga masikio yanaziba kwanza, halafu sweta linakuwa adui. Shemeji alinipokea, tukala samaki, kisha akanipeleka ufukweni. Nilidhani mchanga ni mchanga. Kumbe pale tu, kwa mwendo wa dakika kumi, kuna mchanga wa aina nne. Kwenye mdomo wa kijito kuna mwekundu wenye tope. Chini ya miamba kuna wa punje nene, unachoma nyayo. Mahali wanapoanikia usipa kuna mweupe mwepesi, umejaa magamba na vichwa. Halafu shemeji akakunja suruali, akaingia majini mpaka kiunoni, akapiga mbizi, akatoka na mikono miwili imejaa.

Ule ulikuwa mchanga wa rangi ya asali, laini, umechanganyika na vipande vidogo vya magamba ya konokono. Aliuachia kidogokidogo ndani ya maji, nikauona unashuka taratibu bila kutia giza.

"Huu," akasema. "Dume anaubeba kwa mdomo. Njoo uone."

Nikaingia. Mwalimu mstaafu, na suruali yangu ya kutokea, nikaingia. Maji yalikuwa ya vuguvugu, na nilipoinama nikaona chini kumechimbwa vishimo vya mviringo, vimepangana, kila kimoja na ukingo wake, na dume la bluu juu ya kila kishimo likilinda. Nilicheka hadi nikanywa maji. Sisi Wamatengo tunalima ngoro: vishimo vilivyopangana mlima mzima, nyasi tunazilaza chini na udongo tunaufunika juu, mvua isipate cha kubeba. Watu husafiri kutoka mbali kuja kuzipiga picha. Na huyu samaki alikuwa amelima ngoro chini ya ziwa, hakuna aliyempiga picha.

"Huyu ni Mmatengo," nikamwambia shemeji.

"Ila yeye amekubali kukaa huku," shemeji akajibu, na sikumbuki kama alitabasamu.

Tukajaza viroba viwili. Aliniambia neno moja tu kuhusu kuuosha: "Usiuoshe sana. Suuza, basi." Tukiwa tunarudi tukapita kiwanja cha mama mkwe, Mungu amrehemu. Tofali zilikuwa zimepangwa, msingi umechimbwa. Shemeji akanionyesha kwa fimbo: hapa sebule, hapa chumba chenu, hapa jiko. Pembeni kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha linalotazama ziwa.

"Hiki amesema cha vitabu vyako, Mwalimu."

Nikajifanya naangalia viroba kama vimefungwa vizuri.

Sasa naingia kwenye kosa lenyewe. Nimekua kwenye kahawa. Baba yangu alinifundisha kahawa kabla hajanifundisha kuvaa viatu: unaimenya, unaivundika, unaiosha kwenye mfereji mpaka utelezi wote utoke, kinachoelea unakitupa, kisha unaichambua. Punje kubwa, safi, zinazolingana, hizo ndizo kahawa. Ndogo, nyepesi, vipande na vumbi, hizo ni takataka. Hayo yamo kwenye damu, hayaulizi unaosha nini.

Nilipofika nyumbani nikaumimina mchanga wa Lundo kwenye mfereji wa kuoshea kahawa. Nikausugua kwa miguu. Nikaupitisha maji mara saba, na kila kilichotibuka na kuelea nikakisukumia nje. Kisha nikauweka kwenye chekeche la kahawa, nikatikisa asubuhi nzima, nikiimba. Laini zote zikapita chini, pamoja na vile vipande vya magamba, nikazimwaga nyuma ya jiko. Juu ya chekeche zilibaki punje kubwa, safi, zinazolingana. Viroba viwili vilitoa robo tatu ya kiroba, na nilijivunia hiyo robo tatu kuliko mavuno ya mwaka huo. Nikauondoa ule mweupe, nikautandaza huu.

Rangi ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Samaki wakatoka nyuma ya jiwe, dume likarudisha bluu yake kidogo. Niliita watu waje kuona. Dume likainama, likachukua punje moja mdomoni, likaitema. Likachukua nyingine, likaitema. Likahangaika siku nzima na siku iliyofuata, likijaribu kila pembe ya tangi, kisha likaacha. Likawa linasimama tu katikati ya maji, halichimbi, halifukuzi mtu.

"Anazoea," nikamwambia mke wangu.

"Haya," akasema.

Ile haya yake naijua. Ina maana nne, na hakuna hata moja nzuri.

Wiki zikaenda. Alikuwa ameanza kufunga mizigo, si kwa fujo, kidogokidogo: leo mashuka, kesho sufuria kubwa. Kila nikirudi kutoka shamba naona nyumba imepungua kitu. Nilikuwa nakaa mbele ya tangi namtazama yule dume asiye na kazi, na roho inaniuma, kwa sababu nilijua kabisa ninachokitazama. Mimi nilikuwa nimeweka matumaini yangu yote kwenye lile sanduku la kioo. Kama samaki hakuona kwao pale, mke wangu angeonaje?

Mchana mmoja wa mwezi wa saba manyunyu yakaanza nikiwa kwenye vichanja. Nikafunika kahawa haraka, nikarudi nyumbani kabla ya wakati wangu. Nikapita nyuma ya jiko ili niache buti zenye tope.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya upenu, mgongo kwenye ukuta wa jiko wenye joto. Amekunja kanga mpaka magotini. Miguu yote miwili ilikuwa ndani ya beseni la kuoshea nguo, na beseni lilikuwa limejaa mchanga. Kando yake kulikuwa na sufuria iliyoungua chini, ile aliyoupashia mchanga jikoni. Alikuwa amefumba macho, vidole vya miguu vinacheza ndani, vinazama, vinaibuka. Uso wake sikuwa nimeuona hivyo siku nyingi. Ulikuwa uso wa yule msichana niliyemkuta anaanika usipa mwaka ule nilipofika kwao na sanduku la bati.

Nilisimama na buti moja mkononi. Akafumbua macho.

"Umemaliza kufunika kahawa?"

"Nimemaliza." Nikautazama mchanga. Rangi ya asali, laini, na vipande vya magamba. "Hizo si takataka nilizozimwaga?"

"Ndizo. Nilizizoa siku ileile."

"Za nini?"

Akawaza kidogo, si jibu, nadhani aliwaza kama inafaa kunipa.

"Nakaa Lundo kidogo," akasema. "Halafu narudi kupika."

Mimi ni mtu wa maneno. Nimesimama mbele ya watoto maelfu, nimesema na maafisa, nimegombana na mapadri. Pale nilivuta tu gogo la kupasulia kuni nikalikalia, na aibu ikanishika mpaka masikioni. Nilikuwa nimepanda na kushuka, nimebeba tangi, nimechagua mchanga, nimeuosha mara saba, yote kwa ajili yake, na kile alichokitaka nilikuwa nimekimwaga nyuma ya jiko.

"Unapunguza maumivu?" nikamwuliza hatimaye.

"Ukiwa wa moto. Ukipoa yanarudi."

Manyunyu yalikuwa yanagonga bati.

"Na samaki wako," akasema, "wanautaka huu. Umechagua kwa jicho la kahawa. Kahawa iliyo kubwa ndiyo nzuri. Mchanga ulio mdogo ndio mzuri, maana anaubeba kwa mdomo. Wewe umemwachia mawe."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Nilifungua mdomo nijitetee. Nikapekua kichwani, mwezi kwa mwezi, tangi, mchanga mweupe, makaa ya Ngaka, safari. Nilikuwa nimemwuliza muuza duka. Nimemwuliza dereva. Nimemwuliza shemeji. Kisha nikarudi nyuma zaidi, kwenye ile miaka mitatu ya kuahirisha ahadi, na huko nako sikukuta swali hata moja.

"Sikukuuliza," nikasema.

"Haya." Safari hii ilikuwa na maana moja tu, ile ya kawaida. Akasogeza miguu upande mmoja wa beseni. "Vua na hiyo buti nyingine. Mchanga bado una moto."

Nikatia miguu yangu. Hatukuenea vizuri, vidole vyake vilikuwa juu ya vyangu. Tulikaa hivyo hadi mchanga ukapoa.

Jioni ile alisema samaki wapewe mchanga ule. Nikamwambia hapana, ni wake. Akasema, "Wape. Mimi nitakuwa nao mwingi," na kweli alisema hivyo bila kunisuta, ila nilielewa kwamba safari iko palepale. Tukatoa punje zangu za fahari, tukatandaza mchanga wa beseni uliopoa, kiasi cha vidole vitatu. Safari hii niliuliza kila kitu. Usafishwe? Akasema suuza, basi. Ulalie upande gani? Upande wa jiwe. Maji yalichafuka usiku kucha, asubuhi yakatulia.

Saa nne dume likachukua mchanga mdomoni, likauhamisha, likautema pembeni kwa adabu. Likarudi. Likarudi tena. Kufikia siku ya tatu lilikuwa limechimba shimo la mviringo lenye ukingo, na rangi yake ilikuwa ya bluu mpaka inaumiza macho. Mke wangu alileta kigoda akamtazama kwa muda mrefu.

"Mmatengo wako," akasema, "anachimba mpaka kwenye nyumba ya watu."

Baada ya siku chache jike mmoja akawa hali chakula, shavu limemvimba. Nilitaka kukimbilia dukani. Mke wangu akanishika shati: amebeba mayai mdomoni, ndivyo wanavyolea, kwao hata mtoto mdogo anajua. Jike yule alifunga mdomo karibu wiki tatu. Kisha asubuhi moja ya mwezi wa nane akaachama, na vitu vidogo kama mbegu za nyanya vikamwagika mbele yake vinaogelea. Mimi nilisogea haraka mno. Vikaogopa, vikarudi mdomoni mwa mama yao vyote, akaufunga.

"Taratibu, Mwalimu," mke wangu akasema. "Watatoka wenyewe."

Mavuno yakaisha. Mwezi wa kumi shemeji akaja na pikapu ya kukodi. Mke wangu alitoka na mabegi yake, akaketi mbele, akajifunga kanga kichwani. Hakuwa ameniuliza kama nakwenda, na mimi sikuwa nimesema. Najua ni ujinga. Nilikuwa nimejizoeza maneno ya kumwambia tangu mwezi wa nane, na kila nikianza naishia kwenye habari za miche.

Basi sikusema. Nikatoka na sanduku la vitabu, nikaliweka nyuma ya pikapu. Nikarudi nikaleta la pili. Nikaleta samaki kwenye ndoo mbili zenye vifuniko vilivyotobolewa, wakubwa huku, wadogo kule. Shemeji alikuwa anajifanya anakagua tairi. Mke wangu alikuwa anatazama mbele tu, lakini nilimwona kwenye kioo cha pembeni, na machozi yalikuwa yanamtoka, naye anayafuta kwa ncha ya kanga kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Tangi?" akauliza bila kugeuka.

"Nimelirudisha kwa kijana wa Kilwa. Anataka kujaribu tena."

"Na chekeche?"

"Linabaki na binti yako. Kahawa ni yake sasa."

Akasogea, nikaingia, tukabanana hadi Lundo, beseni la mchanga tuliouzoa kutoka kwenye tangi likiwa mapajani mwangu. Sasa napanda kusaidia mavuno, miezi ileile ya baridi, na napanda peke yangu. Magoti yake yanabaki ziwani. Usipa napelekewa huko huko, na sitaki mzaha juu ya hilo.

Siku ile tuliyofika tuliwarudisha samaki sote wawili, kwenye maji ya kiunoni, pale pale alipochota shemeji. Wadogo walisitasita, kisha wakatawanyika. Mke wangu akaumwaga mchanga uliobaki kwenye beseni, akausambaza kwa mguu. Akatembea kurudi ufukweni bila kushika kitu, kwa sababu hakukuwa na ukuta, akakaa juu ya jiwe lenye jua na nyayo zake ndani ya maji.

Nikasimama mbele yake nimelowa hadi kifuani. Nikamwuliza kitu ambacho katika miaka yote ile sikuwahi kumwuliza bila kuwa na jibu langu mfukoni.

"Sasa unataka tufanye nini?"

Akalifikiria swali kwa muda wake.

"Chai," akasema. "Na leo chemsha wewe."

Nikaenda kutafuta kuni.